Kitanda Kisicho na Kunguni

Mwaka ule mikono yangu ilipoanza kucheza yenyewe, nilikuwa na kitanda kizuri kuliko vitanda vyote vya kijiji chetu. Nakitaja mapema kwa sababu wakati ule kila mtu alikisahau, nikiwemo mimi, na kukisahau huko nusura kuninyang'anye mtoto wangu.

Yaliyonipata yalikwisha zamani. Ninayaandika kwa kuwa juzi, tukitoka kanisani, dada mmoja anayepuliza dawa kwenye mibuni alinivuta pembeni akaninyoshea vidole vyake. Vilikuwa vinatetemeka. Akasema, "Mama, nasikia wewe uliwahi kuwa hivi. Ulifanyaje?" Nilimjibu pale pale tukiwa tumesimama, lakini nilipofika nyumbani niliona nimempa jibu fupi mno. Jibu lenyewe ni hili hapa, na halianzi na ugonjwa, linaanza na majivu.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Bugarama, kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara kama wanafunzi wanaongoja kukaguliwa kucha. Tulikuwa na shamba la pamoja la maharage na ghala la pamoja. Lilikuwa jengo la tofali lililoezekwa bati, lenye vidirisha vidogo vilivyowekwa juu kabisa ili mwizi asipite. Hewa nayo haikupita. Mtunza ghala nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba, na kwa sababu mwenyekiti alisema hakuna gunia litakalotoka mlangoni bila mimi kuliuliza linakwenda wapi. Ni kweli, udadisi nimezaliwa nao. Kwetu walikuwa wakiniita Kwa Nini. Mume wangu, Gaspari, alizoea kuwaambia rafiki zake kwamba kunioa mimi ni sawa na kuhamia kituo cha polisi.

Kabla ya ghala hilo, kila mwanamke wa kwetu alihifadhi maharage yake kwa majivu. Mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo: unachoma maganda ya maharage, unachekecha majivu yake, kisha unayaonja kwa ncha ya ulimi. Yakichoma ulimi, yameiva, na fukusi hawatasogelea maharage yako. Yasipochoma, ni majivu ya kuzimia moto tu, tafuta mengine. Baada ya hapo unayachanganya na maharage kwa mikono yote miwili, unapeta kwenye ungo, vumbi linakuingia puani, unapiga chafya, unacheka, unaendelea. Sikuwahi kusikia mtu aliyeugua kwa majivu.

Halafu ikaletwa dawa ya ghalani. Ilikuja kwa lori, ikiwa kwenye mifuko mizito ya karatasi, unga wa rangi ya kijivu na nyeupe. Aliyeileta alikuwa na haraka, vijiji vingine vilikuwa vinamngoja. Alituambia neno moja tu, akiwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya lori: "Mnachanganya na maharage, kama majivu."

Basi tukafanya kama majivu. Niliionja mimi kwanza. Haikuchoma. Ilikuwa na ladha ya kitu kilichokaa muda mrefu penye unyevu, na iliacha ganzi kidogo mdomoni. Velediana, mwenzangu wa kazi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutosha kwaya nzima, naye akaonja, akatema mate chini.

"Haijaiva hii," akasema. "Tuzidishe."

Tukazidisha. Tukaimimina kwa mabakuli, tukaikoroga kwa mikono mitupu ndani ya ghala lililofungwa, jua linapiga bati juu ya vichwa vyetu, jasho linatutoka na unga unanata kwenye jasho. Mchana tulikaa mlangoni tukala viazi kwa mikono ile ile, tukiwa tumeipangusa kwenye kanga.

Mifuko ilikuwa na maandishi ya Kiingereza ambayo darasa langu la saba halikuyafikia. Chini ya maandishi palikuwa na picha: fuvu la kichwa cha mtu na mifupa miwili iliyopishana. Tuliijadili picha hiyo kwa siku kadhaa. Mama mmoja alisema ni alama ya kiwanda tu, mbona viberiti vina picha za wanyama na ukifungua humkuti mnyama ndani. Velediana alishikilia kwamba huyo ni mtu aliyekufa njaa kwa sababu maharage yake yaliliwa na fukusi, yaani wanatuonya tusiache kutumia dawa. Nilimuunga mkono Velediana. Maelezo yake yalikuwa na mantiki, na mimi nilipenda mambo yenye mantiki.

Sasa kitanda. Nguo zilikuwa zimeanza kuadimika dukani, shuka lilikuwa hadithi. Lakini magunia ya ghala yaliyochakaa hayakuwa na mwenyewe, na mwenyekiti aliniruhusu kuyachukua. Nilikung'uta machache, nikayashona kwa kamba ya katani, nikajaza majani makavu, nikapata godoro la kulalia watu wawili. Na ajabu yake ni kwamba kunguni walihama. Kijiji kizima kilikuwa kinajikuna, kila nyumba ilikuwa na wadudu hao kwenye nyufa za ukuta na kwenye kamba za kitanda, isipokuwa kwangu. Wanawake walikuja kukitazama kitanda changu. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Gaspari alikuwa mgambo na msimu ule muda mwingi alikuwa mafunzoni. Alipopata ruhusa ya kuja nyumbani, alilalamika kwamba kila akilala kwetu anaamka na kichwa kinagonga. Nilimwambia atafute kisingizio kingine.

Mwili wangu ulianza kubadilika kiangazi kile, maharage yakiwa yamejaa ghalani hadi mlangoni. Kwanza ukope wa jicho la kushoto ulikuwa unaruka wenyewe. Nikafurahi, kwani kwetu husema utapata mgeni. Halafu vidole. Nilikuwa nikishika kikombe, chai inatengeneza mawimbi. Halafu kichefuchefu asubuhi, mama mkwe akatabasamu akinihesabia mimba, na mimba haikuwapo. Kisha ikaja siku niliyokuwa nimesimama juu ya rundo la magunia nikimwelekeza Velediana mahali pa kupanga mengine, na baada ya hapo sikumbuki. Nilizinduka nikiwa nje, chini ya ukuta wa ghala, ulimi umevimba na una ladha ya damu, kanga imelowa. Watu walikuwa wamesimama mbali kwa duara. Velediana peke yake ndiye aliyekuwa karibu, amekaa vumbini, kichwa changu kikiwa mapajani mwake, ananifuta mdomo kwa upindo wa nguo yake.

"Usinishike," nilimwambia, maana nilikuwa nimeshaelewa nyuso za wale waliosimama.

"Nimeshakushika," akasema. "Wameshaniona. Lala tu."

Wema ule sitausahau, kwa sababu neno lililokuwa kwenye nyuso zile lilikuwa kifafa, na kwa watu wetu kifafa kilikuwa kinaambukiza kwa mate, kwa jasho, kwa bakuli, hata kwa kumruka mgonjwa alipoanguka. Leo najua si kweli. Wakati ule mimi mwenyewe niliamini, na nilijiogopa.

Mama mkwe wangu si mtu mbaya. Nataka hili lieleweke kabla sijaendelea. Alikuwa mjane aliyebakiwa na mtoto mmoja tu, Gaspari, na mjukuu mmoja tu, binti yangu Yusta, aliyekuwa ametimiza miaka minne. Mwenye kifafa kwetu hafukuzwi kwa ukali. Anasogezwa pole pole. Siku moja niliona chakula changu kimepakuliwa pekee kwenye bakuli la bati lililobanduka rangi, na siku ya pili, na ya tatu, hadi likawa bakuli langu. Pombe ya ndizi ilipoiva na wanawake wakazunguka chungu, kila mmoja na mrija wake, mimi nilimiminiwa kwenye kibuyu changu nikae nacho kando. Halafu Yusta, aliyekuwa akilala kwenye mkeka wake chumbani mwangu, akahamishiwa kitandani kwa bibi yake. Hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa ningejibu, lakini bakuli unalijibu nini?

Kwenye zahanati nilikaa benchi moja na watu wenye homa na watoto wenye kikohozi. Benchi lilikuwa limejaa pomoni, ila pande zangu zote mbili palikuwa peupe. Nilichomwa sindano ya malaria, nikapewa vidonge vichungu, nikaambiwa nirudi. Nilirudi, nikachomwa tena. Masikio yalivuma, mikono iliendelea kucheza. Nilipoanguka tena, ghalani tena, mwenyekiti alimkabidhi Velediana ufunguo.

Ndipo vita vikaja. Redio ya mwenyekiti ilitangaza, malori yakaanza kupita barabarani usiku na mchana, na mgambo wakaitwa. Gaspari alikuja kuaga akiwa na begi dogo. Alinishika mikono, ikawa inatetemeka ndani ya mikono yake, naye akaibana kwa nguvu kama mtu anayetaka kumtuliza kuku.

"Nikirudi nikukute," akasema.

"Nitakuwa wapi kwingine?" nikamwuliza.

Akamgeukia mama yake aliyekuwa mlangoni, naye akatazama pembeni. Hapo nilijua kwamba walikuwa wameshazungumza.

Baada ya Gaspari kuondoka nilianguka njiani kutoka kisimani, mtungi ukapasuka mbele ya watu wote. Jioni mama mkwe alikuja kukaa nami. Alizungumza kwa upole, kwa sauti ya mtu anayemshauri binti yake.

"Mama Yusta, una shangazi Biharamulo. Nenda ukapumzike kwake. Huko kuna hospitali kubwa."

"Na Yusta?"

"Yusta atabaki na mimi. Mtoto asizoee barabara."

Nilielewa vizuri sana. Mwanamke anayepelekwa kupumzika kwao bila mtoto hajapewa likizo. Ikithibitika ni kifafa, nisingerudi katika nyumba ile, na Yusta angekua akiambiwa mama yake yuko safarini. Lakini ndani ya woga ule kulikuwa na kitu kingine kilichonishika na kunifanya nipande lori la watu nikiwa nimekauka macho. Nilitaka kujua. Kwa nini mimi? Kwa nini sasa? Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuanguka. Kama ni kifafa, kimetoka wapi?

Shangazi Modesta alikuwa akiishi Biharamulo, chini kidogo ya boma la Wajerumani, akiuza dagaa sokoni. Alinipokea, akaniuliza naumwa nini, nikamwambia wazi. Akapakua ugali kwenye sinia moja, akakata tonge, akaniangalia. "Kula basi," akasema. "Unangoja mwaliko?" Nilikula huku machozi yanachuruzika kwenye mboga.

Kitanda chake, lakini! Usiku wa kwanza niliumwa na kunguni hadi nikadhani nimelala juu ya upupu. Asubuhi nilimwambia, kwa majivuno kidogo, kwamba kwangu hawapo. "Basi ungekuja nacho hicho kitanda chako," akanijibu.

Baraza la hospitali lilikuwa na shule yake. Nilikaa pale siku nyingi, kwani kulikuwa na vita na dawa zilikuja kwa kusuasua. Wanawake waliokuwa na waume vitani walikuwa wakipeana habari za redio huku wakinyonyesha. Nilijifunza kuwatambua wagonjwa kwa mwendo wao. Mpasua mbao alikosa vidole, mchimba visima alitembea amepinda mgongo, na mzee mmoja mshona viatu alikuwa na sugu kwenye goti mahali alipokuwa akigongea nyundo. Nilianza kuona kwamba kazi humwandika mtu mwilini, nikajiuliza yangu imeniandika wapi.

Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, amechoka, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mama. Nyosha mikono mbele."

Nikanyosha. Alichukua karatasi tupu akailaza juu ya vidole vyangu, na karatasi ikaanza kucheza kama jani kwenye upepo. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza tangu nianze kuugua.

"Unafanya kazi gani?"

"Mimi? Ni mkulima. Na natunza ghala la kijiji."

"Ghala la nini? Mnahifadhije?"

Nikamweleza. Majivu, unga, mabakuli, jua kwenye bati. Nilipofika kwenye kuonja, aliweka kalamu chini.

"Mlionja?"

"Kuona kama imeiva."

"Na mifuko ilikuwa na picha ya fuvu?"

"Ilikuwapo. Yule aliyekufa njaa."

Hakucheka. Nampenda hadi leo kwa kutocheka. Aliniambia kwamba picha ile maana yake ni sumu inayoua mtu, na kichwa kile ni cha yule anayefungua mfuko. Akasema hawezi kuapa, hana kipimo cha kulijua hilo, lakini amewahi kuona mikono kama yangu kwa watu wa mashamba ya pamba. Akanipa vidonge vya kuzuia kuanguka na masharti: nisiguse unga huo, nisiingie ghalani, nikae Biharamulo mpaka mvua za masika zipungue tuone.

Mvua zilinyesha. Vidonge vikapunguzwa, halafu vikapunguzwa tena, halafu vikaisha. Ukope ulitulia. Siku moja nilimmiminia shangazi chai na kikombe kikafika mezani bila hata tone kumwagika. Tuliangaliana. Nikamimina kingine, kwa raha tu. Kunguni waliniuma masika nzima, na sikuanguka hata mara moja.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga. Vita vilikuwa vimefika ng'ambo ya mpaka, Gaspari alikuwa hai kwa habari tulizozipata. Nilimweleza mama mkwe kila kitu: daktari, fuvu, ghala. Alisikiliza akiwa anamenya ndizi. Alinitazama mikono, na baada ya siku mbili tatu akamruhusu Yusta aje alale kwangu. Nililishusha godoro langu kutoka darini. Lilikuwa limekaa huko muda wote limeviringishwa, hakuna aliyethubutu kulilalia godoro la mwenye kifafa. Mwanangu alijikunja ubavuni mwangu, ana harufu ya moshi na maziwa, nikamwambia mwisho wa kuachana ndio huo.

Ghalani sikukanyaga. Nilipita ng'ambo ya barabara nikiwa nimeziba pua, Velediana akinicheka. Haikusaidia. Wiki haijaisha vizuri, ukope ukaanza kuruka. Halafu vidole. Halafu nikaanguka jikoni, karibu na mafiga. Na kesho yake Yusta alikuwa amekaa na uji wake, mkono ukaruka wenyewe, ukamwagika wote kifuani. Akautazama mkono ule kwa mshangao, kama wa mtu mwingine. Ukaruka tena.

Mama mkwe alimnyanyua mtoto bila kunigusa.

"Umempa," akasema. "Nilikuhurumia, na wewe umempa mtoto ugonjwa wako."

Nilikaa nje ya nyumba yangu siku ile kama gogo. Daktari alikuwa amekosea, basi. Au nilikuwa nimekosea mimi kumwelewa. Nililia mpaka nikachoka, na nilipochoka, ule udadisi wangu usio na adabu ukaja kukaa karibu nami. Ghalani sijaingia, na Yusta hajawahi kuingia. Tumeshirikiana nini basi? Maji yale yale wanakunywa wote. Chakula anapika bibi. Yeye amelala kwa bibi yake tangu mwaka jana, mzima. Amekuja kulala kwangu, anatetemeka. Mimi nimelala kwa shangazi masika nzima, mzima. Nimekuja kulala kwangu, ninaanguka. Na Gaspari na kichwa chake kinachogonga!

Nikaingia ndani nikasimama mbele ya kitanda. Safi. Hakuna doa hata moja la kunguni ukutani. Na nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza mwanzo kabisa, badala ya kujivuna: kwa nini kunguni, ambao wanaishi kila mahali penye binadamu, wamekataa kuishi hapa?

Nilipiga godoro kwa kiganja. Vumbi la kijivu likapanda kwenye mwanga wa mlango, na harufu ikaja, ile ya kitu kilichokaa muda mrefu penye unyevu. Sakafuni chini ya kitanda kulikuwa na mende wamelala chali, na nzi wengi. Nilirudi nyuma hadi uani.

Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake, Yusta mgongoni.

"Mama, ni magunia," nikamwambia. "Ni yale magunia ya ghala. Ndiyo tunayolalia."

"Juzi ilikuwa ghala. Leo magunia. Kesho utasema ni mimi."

"Njoo uone mende."

"Sihitaji kuona mende, Mama Yusta. Nimeona mtoto."

Ndipo nikamweka mwanangu rehani. Nilimwambia nitalifukia godoro, nitakisugua kitanda na kuta, nguo zangu zote nitazifua kwa sabuni na nitalala kwenye nyasi. Yusta akae kwake. Maharage yakivunwa na kukauka kabla sijaanguka tena, anirudishie mtoto. Nikianguka, nitaondoka mwenyewe na sitamdai Yusta, wala sitamwachia Gaspari kesi.

Nilimwona anayahesabu magunia moyoni, maana wakati ule gunia lilikuwa mali, watu walikuwa wanakata mashimo ya mikono na kuvaa. Mwishoni alisema, "Ufukie mbali na kisima." Nikajua ameniamini nusu, kwani nani angejali kisima kama ni kifafa tu?

Nilichimba shimo refu juu ya mteremko, mahali pasipolimwa. Velediana alikuja kunisaidia akiwa amejifunga kitambaa usoni, na tangu siku ile kitambaa hicho hakikutoka shingoni mwake.

Kungoja ni ugonjwa mwingine. Kila asubuhi nilinyosha mikono, nikaweka jani la mgomba lililochanwa juu ya vidole. Lilicheza. Liliendelea kucheza. Yusta alitulia haraka, watoto ni hivyo, lakini mama mkwe alikuwa akipita tu, macho yakiwa mikononi mwangu. Kisha, maharage yalipoanza kugeuka manjano, niliamka na mistari mirefu ya vipele mgongoni na mapajani, inawasha vibaya sana. Nilipekua nyufa za kitanda nikamkuta kunguni mmoja mnene. Nilimbeba kwenye jani hadi kwa mama mkwe kama mtu anayepeleka cheti.

"Wamerudi!"

Alimtazama kunguni, akanitazama mimi. "Kila mtu anao," akasema.

"Ndiyo, Mama. Na mimi sasa ninao."

Akashika mdomo. Nadhani ilikuwa kicheko, ila alikimeza.

Maharage yalivunwa, yakakauka, na sikuanguka. Alimleta Yusta mwenyewe, amembebea na mkeka wake. Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikaeleza habari ya fuvu, na mwenyekiti akaniuliza kama ninataka kusema tuliletewa sumu. Nikasema tuliletewa dawa, sisi ndio tukaila kama majivu. Watu wakaguna. Hapo mama mkwe alisimama, yeye ambaye hakuwahi kusema mkutanoni, akasema kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kwamba mwenye gunia la ghala kitandani alitoe leo, kwa sababu yeye amemwona mjukuu wake akiutazama mkono wake mwenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyebishana. Tangu msimu ule dawa ilichanganywa nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa koleo, pua na mdomo vimefungwa, na hakuna aliyegusa kiazi kabla ya kunawa kwa sabuni. Mifuko ilifukiwa. Vidirisha vya ghala vilipanuliwa, wezi wakipenda waje.

Dada yangu wa mibuni, usilale na nguo ulizopulizia. Mwambie daktari kazi yako hata asipokuuliza. Na kama kuna kitu nyumbani kwako ambacho wadudu wamekikimbia, kitazame vizuri.

Gaspari alirudi mwishoni mwa mavuno, amekonda, ana kovu kidevuni. Pombe ya ndizi ilikuwa imeiva tayari. Watu walijaa uani, wanawake wamezunguka chungu na mirija yao, na mimi kwa mazoea nilichukua kibuyu changu nikaenda kukaa kando karibu na ukuta. Gaspari alinitafuta kwa macho. Nilikuwa bado nanyanyua kibuyu nilipomwona mama mkwe ananyanyuka kutoka kwenye chungu, anakuja kwangu polepole, mkono kiunoni. Alikuwa ameuchomoa mrija wake. Ncha yake ilikuwa bado imelowa mate.

"Shika," akasema. "Nimechoka kuinama. Kaa mahali pangu."

Nikaenda, nikakaa, nikanywa.